JOHN NEWTON, BAHARIA MTUNGA NYIMBO

Muhula uliopita, siku ya wazazi, kwaya yetu iliimba wimbo mmoja wa Kiingereza uitwao Amazing Grace. Nadhani hapakuwa na mtu ukumbini asiyeijua sauti yake, hata wale wasio Wakristo miongoni mwetu, maana huimbwa makanisani, mazikoni na redioni. Tulipokuwa tukipanga viti baada ya sherehe, mwenzangu mmoja aliniuliza ni padre gani aliyeutunga. Nikamjibu kuwa alikuwa baharia, tena nahodha wa merikebu za watumwa. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wanaodhani kama yeye, nimeandika habari hizi za John Newton.

Newton alizaliwa London tarehe 24 Julai, 1725, katika mtaa wa Wapping, kando ya mto Thames, ambako mabaharia wengi walikuwa wakikaa. Babaye alikuwa nahodha wa merikebu za biashara, mtu mkali asiye na maneno mengi. Mamaye, Elizabeth, alikuwa mcha Mungu, naye alimfundisha mwanawe kusoma angali mdogo sana, akamkaririsha nyimbo za dini na masomo ya Biblia mpaka mtoto akayajua kwa moyo. Alitaka mwanawe awe kasisi. Lakini mama huyo alikuwa na kifua kikuu, akafa mwaka 1732, mtoto hajatimiza miaka 7. Baba akaoa mke mwingine. Mtoto akapelekwa shule ya bweni kwa muda mfupi, akapigwa sana na mwalimu wake, na alipokuwa na miaka 11 babaye akamchukua baharini. Elimu yake ya darasani ikaishia hapo.

Mwezi Desemba 1742, alipokuwa na miaka 17, yaani umri wangu mimi ninayeandika, babaye alimtafutia kazi huko Jamaica. Zikiwa zimebaki siku chache merikebu ing'oe nanga, alitumwa Kent kwa shughuli, akapita kwa watu waliokuwa rafiki za marehemu mamaye. Huko akamwona binti yao, Mary Catlett, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 14. Akampenda papo hapo. Alikusudia kukaa siku tatu, akakaa wiki tatu, na merikebu ya Jamaica ikaondoka bila yeye. Babaye alighadhibika sana, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Tangu siku ile Newton hakuacha kumpenda Mary, hata wakati alipokuwa haamini kitu kingine chochote.

Mwanzoni mwa mwaka 1744 alikamatwa na askari wa manowari. Siku hizo vita na Ufaransa vilikuwa vimekaribia, na manowari zilipopungukiwa na watu, askari walishuka bandarini wakawashika vijana na kuwatia kazini kwa nguvu. Newton akaingizwa katika manowari iitwayo Harwich. Kwa hisani ya babaye alipewa cheo kidogo, lakini hakukitunza. Aliruhusiwa kushuka akachelewa kurudi kwa sababu ya Mary. Halafu, mwaka 1745, manowari ilipokuwa Plymouth ikijiandaa kwa safari ndefu ya Mashariki, akatoroka. Alikamatwa, akarudishwa akitembezwa njiani kama mwizi, akavuliwa nguo, akachapwa mijeledi mbele ya mabaharia wote, akanyang'anywa cheo. Wale aliokuwa akiwaamuru jana wakawa wakubwa zake leo.

Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka kuwa jiwe. Dini ya mamaye akaitupa, akawa hodari wa kutukana hata mabaharia wakongwe, ambao kwao tusi ni kama salamu, wakamshangaa. Huko Madeira alibadilishwa na baharia wa merikebu nyingine, iliyokuwa ikienda pwani ya Guinea kufanya biashara ya watumwa. Nahodha wake alimjua babaye Newton, akampokea kijana vizuri. Newton akamlipa wema huo kwa kumtungia wimbo. Alimdhihaki nahodha kwa umbo lake, kwa merikebu yake na kwa mipango yake, kisha akawafundisha mabaharia wote mpaka merikebu nzima ikawa inauimba. Katika habari za maisha yake, huo ndio wimbo wa kwanza tunaosikia kuwa aliutunga. Sote tumepata kuwajua wenzetu wa namna hii bwenini, wenye kipaji cha kutunga na ulimi wa pilipili, nami sitawataja.

Alipofika Afrika ya Magharibi aliomba kushuka, akafanya kazi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akinunua watumwa katika visiwa vya Plantain, karibu na Sierra Leone. Alitumaini kutajirika upesi. Kumbe alishikwa na homa kali, na yule bwana aliposafiri alimwacha mikononi mwa mkewe, mwanamke wa Kiafrika wa ukoo mkubwa wa huko, ambaye hakumpenda Newton hata kidogo. Mgonjwa alilala juu ya mkeka, na gogo ndilo mto wake. Alipoomba maji ilikuwa taabu kuyapata. Alipopata nafuu, chakula chake kilikuwa makombo ya sahani ya yule bibi, na usiku alijipenyeza shambani akang'oa mizizi, akaila mibichi. Baadaye bwana mwenyewe alisikia uongo kwamba Newton ni mwizi, akawa akimfungia sitahani kila aendapo nchi kavu, na kumwachia kibaba cha wali. Nguo zake zilikuwa shati moja, suruali moja na kitambaa cha kichwani, na mvua ya huko ni mvua kweli kweli.

Katika hali hiyo, waliomhurumia walikuwa watumwa wenyewe. Baadhi yao walikuwa wamefungwa minyororo, nao walimletea kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Kitabu kimoja tu alikuwa amebaki nacho, nacho ni jiometri ya Euclid. Alikwenda nacho pembeni mwa kisiwa, akachora pembetatu mchangani kwa kijiti kirefu, na kwa njia hiyo akasahau njaa na huzuni. (Wenzangu mnaolalamikia jiometri ya Bwana Mwalimu, fikirini.) Siku moja yule bwana na mkewe walimkuta akipanda miche ya ndimu. Bwana akamcheka, akisema huenda miti hiyo itakapozaa Newton atakuwa amekwenda Uingereza na kurudi huko akiwa nahodha, aje achume mwenyewe. Ilikuwa dhihaka, lakini ikawa kweli.

Mwaka 1747 merikebu iitwayo Greyhound ilipita pwani hiyo. Babaye Newton alikuwa amemwomba rafikiye, tajiri mmoja wa Liverpool aitwaye Joseph Manesty, amtafutie mwanawe. Wakati huo Newton alikuwa amekwisha pata bwana mwingine mwema, wala hakuwa na hamu kubwa ya kurudi. Kumbukumbu ya Mary ndiyo iliyompandisha merikebuni. Greyhound haikuchukua watumwa. Ilinunua dhahabu, pembe, nta na miti ya rangi, na ile nta na miti ndiyo iliyowaokoa baadaye.

Usiku wa tarehe 10 Machi, 1748, kwa kalenda ya zamani, walikuwa katika Atlantiki ya Kaskazini wakirejea kwao. Newton alikuwa amelala. Wimbi kubwa likaipiga merikebu, maji yakajaa chumba alichokuwamo. Akakimbilia juu, na alipokuwa ngazini nahodha akamtaka arudi kuleta kisu. Baharia mwingine akapanda mahali pake, akachukuliwa na maji papo hapo. Walipiga bomba usiku kucha, wakaziba nyufa kwa nguo na matandiko yao. Asubuhi, akizungumza na nahodha juu ya kazi iliyobaki, Newton alijikuta ameomba rehema ya Mungu pasipo kukusudia. Akashtuka kujisikia, kwani neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake kwa miaka mingi ila kwa kufuru. Alipochoka kabisa asiweze kupiga bomba, walimweka usukanini, akakaa huko tangu saa 7 mchana mpaka usiku wa manane, akiyapitia maisha yake yote. Kwa kuwa shehena yao ilikuwa nyepesi, merikebu haikuzama. Walitangatanga karibu wiki nne, matanga yamechanika, chakula kimekaribia kwisha, nahodha akimwona Newton ni kama Yona na kufikiri kama si heri kumtupa baharini. Hata mwisho wakaingia Lough Swilly, huko Ireland. Siku ile ya dhoruba Newton aliikumbuka kila mwaka mpaka uzeeni.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapokosea. Husema kwamba dhoruba ilimgeuza Newton, akaacha biashara ya watumwa, akatunga wimbo wake. Sivyo. Mpaka siku ile alikuwa hajapata kuwa nahodha wa merikebu ya watumwa hata mara moja. Ni baada ya kuomba, na baada ya kuacha matusi, ndipo alipoingia kazi hiyo kwa nguvu zote. Mwaka ule ule wa 1748 Manesty alimpeleka Afrika akiwa msaidizi wa nahodha. Mwezi Februari 1750 alimwoa Mary wake, na miezi michache baadaye akasafiri akiwa nahodha kamili. Alifanya safari tatu za unahodha, moja katika Duke of Argyle na mbili katika African, kati ya mwaka 1750 na 1754. Kila safari ilikuwa na pembe tatu: kutoka Liverpool kwenda pwani ya Afrika kununua watu, kuwavusha bahari mpaka visiwa vya West Indies kuwauza, kisha kurudi nyumbani.

Daftari lake la safari lipo mpaka leo. Aliandika kama karani aandikavyo bidhaa. Mtumwa akifa alimtaja kwa namba, wala si kwa jina. Mara moja wavulana waliposhukiwa kuwa wamewapelekea wakubwa wao silaha za maasi, aliwatia vyuma vya kubana vidole gumba ili waseme. Jumapili aliwakusanya mabaharia akawaongoza katika sala. Usiku alimwandikia mkewe barua za mapenzi, na chini ya sakafu yake umati wa watu umelazwa kwa safu, wamefungwa wawili wawili. Alifika tena Plantain, akachuma ndimu za kwanza za miti ile aliyoipanda. Habari hiyo aliisimulia kwa kustaajabia rehema ya Mungu. Mimi kila nisomapo hapo nawakumbuka wale waliomlisha gizani, kwa maana watu aliokuja kuwanunua walikuwa ndugu zao.

Wala hakuiacha kazi hiyo kwa kusutwa na dhamiri. Mwezi Novemba 1754, siku mbili kabla ya kusafiri tena, alikuwa akinywa chai na mkewe, akaanguka ghafla akazimia kwa muda wa saa nzima. Waganga wakamkataza bahari. Mwaka uliofuata akapata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool, na katika saa zake za mapumziko akajifundisha Kigiriki na Kiebrania, akiomba kuwa kasisi. Wakubwa wa kanisa walimkataa kwa miaka, kwa kuwa hakuwa amesoma chuo kikuu. Mwaka 1764 ulitolewa mkusanyo wa barua zake alizosimulia humo maisha yake, na mwaka huo huo akapata ukasisi, akapelekwa mji mdogo wa Olney katika jimbo la Buckinghamshire.

Olney ulikuwa mji wa maskini. Wanawake na watoto walifuma lesi toka asubuhi mpaka usiku katika vyumba vyenye mwanga hafifu, wakiharibu macho yao kwa ujira mdogo. Newton aliwazuru majumbani, mara nyingi akiwa amevaa koti lake kuukuu la bahari badala ya joho. Mimbarani hakuficha maisha yake ya nyuma. Ndipo alipoanza kutunga nyimbo kwa bidii, karibu kila wiki wimbo mmoja, ziimbwe katika mikutano ya sala pamoja na mafundisho yake. Zamani zile nyimbo nyingi za kanisani zilikuwa Zaburi zilizotiwa vina. Newton alichota kwake mwenyewe: woga wake, ukavu wa moyo wake siku asizoweza kusali, aibu yake. Tena alikusudia maneno yawe mepesi, yafahamike na mfuma lesi. Alikuwa ameamua kwamba mapambo ya ushairi yatumike kwa uchache, akasema hivyo waziwazi katika dibaji ya kitabu chake. Kwa sisi tunaofundishwa mizani na vina, inapendeza kujua kwamba beti zake nyingi zina mistari minne, mizani 8 kwa 6 kwa 8 kwa 6, kipimo ambacho hata mtu asiyejua kusoma hukishika upesi.

Katika kazi hiyo alikuwa na mwenziwe, mshairi William Cowper, aliyehamia Olney mwaka 1767. Cowper alikuwa mshairi mkubwa kuliko Newton, lakini alikuwa na ugonjwa wa akili uliomrudia mara kwa mara, akaamini kwamba Mungu amemkataa. Newton alimshawishi watunge kitabu pamoja, kwa sehemu ili kumpa rafikiye kazi ya kumtoa katika mawazo hayo. Mwezi Januari 1773 ugonjwa ulimwangukia Cowper vibaya sana, na baadaye mwaka huo alijaribu kujiua. Newton na Mary walimweka nyumbani kwao zaidi ya mwaka mzima, wakimlinda. Kitabu kilitoka mwaka 1779, kina nyimbo 348, na za Cowper ni zaidi ya 60 tu, zote za kabla ya pigo hilo kubwa. Zilizobaki ni za Newton. Naona kukaa na mtu wa namna ile, asiyeweza kudanganywa kwa maneno matamu, kulimfundisha Newton kuandika kweli kuliko kitabu chochote.

Wimbo tulioimba sisi ulitungwa kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari, 1773. Somo lilikuwa lile la Mfalme Daudi, ambaye wenzetu Waislamu wanamjua kama Nabii Daudi, anapoketi na kustaajabu jinsi Mungu alivyomtoa mbali na kumfikisha alipo. Newton naye akatazama nyuma. Katika beti sita anakiri alivyokuwa mtu duni, anataja hatari alizopita, na kushukuru kwa wema asioustahili. Mtu ajuaye habari za Greyhound huiona dhoruba mle ndani, ingawa haikutajwa. Uingereza wimbo huo haukupata sifa kubwa siku zile. Marekani ndiyo iliyoukuza. Mwaka 1835 William Walker wa South Carolina aliutia katika kitabu chake pamoja na sauti iitwayo New Britain, na hiyo ndiyo sauti tunayoiimba. Watu weusi wa huko, waliokuwa bado watumwa, waliuimba wakaufanya wao. Mwaka 1852, katika riwaya yake Uncle Tom's Cabin, Harriet Beecher Stowe alimsimulia mtumwa Tom akiuimba, pamoja na ubeti ambao Newton hakuutunga kabisa, lakini ambao leo huimbwa kama wa mwisho.

Sasa nirudi kwenye jambo nililoliweka. Nimeusoma wimbo huo mara nyingi nikiitafuta merikebu ya watumwa. Haimo. Hamna mnyororo, hamna Afrika, hamna mtu mwingine aliyeumia. Tena hata katika zile barua za mwaka 1764 aliungama kufuru, uasherati na kutomtii babaye, lakini biashara ya watumwa aliitaja kama kazi ya heshima, ila tu hakuifurahia kwa kuwa ilimfanya kama mlinzi wa gereza, akawa akiomba Mungu ampe kazi ya upole zaidi.

Nilipomweleza mwenzangu haya, alisema basi wimbo ule ni wa uongo. Sikukubaliana naye, na tulibishana mpaka kengele ya kulala. Kwanza, ulitungwa uimbwe na wafuma lesi wa Olney, nao hawakupata kuona Guinea. Kama angetaja merikebu yake ungebaki wimbo wa mtu mmoja. Aliacha nafasi ili kila mtu atie humo aibu yake mwenyewe, na ndiyo maana hata mtumwa wa Marekani aliweza kuuimba. Pili, mwaka 1773 wahubiri wachache tu wa Uingereza waliihesabu biashara hiyo kuwa dhambi. Newton alijua kuwa alikuwa mtu mbaya, lakini ubaya wake mkubwa kuliko wote alikuwa bado hajauona vizuri. Kusema kweli yote unayoiona ni jambo moja, na kuona yote ni jambo jingine. Hata hivyo nakiri kuwa mwenzangu naye alikuwa na hoja, kwa maana wale watu waliouzwa hawakupungukiwa na maumivu kwa sababu Newton alikuwa hajayaona.

Mwaka 1780 Newton alihamishiwa London, kanisa la St Mary Woolnoth. Mwezi Desemba 1785 mbunge mmoja kijana, William Wilberforce, alikuja kumwona kwa siri, akizunguka uwanja mara mbili kabla ya kuthubutu kubisha hodi. Alikuwa anafikiri kuacha siasa kwa ajili ya dini. Newton alimshauri abaki Bungeni. Miaka miwili baadaye Wilberforce alikuwa amekwisha ianza kazi ya kupiga vita biashara ya watumwa, na ndipo Newton, mzee wa zaidi ya miaka 60, kasisi mwenye heshima ambaye hakuna mtu aliyekuwa akimdai neno, alipochukua kalamu tena.

Kijitabu chake kilitoka mwaka 1788. Humo hamna vina. Anaanza kwa kusema kwamba ungamo lake limechelewa, wala haliwezi kuondoa madhara aliyoyafanya, kisha anaeleza moja baada ya jingine mambo aliyoyaona na aliyoyatenda. Anaeleza kwamba sehemu walimolala watumwa ilikuwa na kimo cha futi 5 na pengine pungufu, na hapo katikati pametiwa ubao, watu wakapangwa juu na chini mfano wa vitabu katika rafu. Anaeleza jinsi asubuhi mara nyingine mabaharia walivyokuta aliye hai na aliyekufa wamefungwa pingu moja. Anavitaja vile vyuma vya vidole. Anaeleza yaliyowapata wanawake na wasichana mikononi mwa mabaharia, mambo ambayo hayafai kurudiwa katika kurasa hizi. Nakala za kijitabu hicho zilisomwa na wabunge, na mwaka 1790 mzee mwenyewe akasimama mbele ya kamati ya Bunge kutoa ushahidi. Mashahidi wengine walikuwepo, lakini ni wachache waliosema kama yeye, kwa sababu wenye biashara hawakuweza kumwambia kuwa hakuijua kazi ile.

Mwezi Desemba mwaka ule ule wa 1790 Mary alikufa kwa saratani, baada ya miaka 40 ya ndoa. Newton alihubiri mwenyewe katika ibada ya mazishi yake, na mwaka 1793 akachapa zile barua alizomwandikia tangu siku za merikebu, zisomwe na kila mtu. Watu walisema amepita kiasi kuuweka moyo wake hadharani namna ile. Aliishi miaka 17 bila Mary. Macho yakafifia, masikio yakaziba, kumbukumbu ikampotea hata katikati ya mahubiri, lakini hakukubali kushuka mimbarani mpaka alipokuwa na miaka zaidi ya 80.

Mwezi Machi 1807 Bunge lilipitisha sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika merikebu za Kiingereza. Newton alikuwa hai bado, akasikia habari hiyo. Alikufa tarehe 21 Desemba mwaka huo huo. Utumwa wenyewe katika makoloni ya Uingereza ulidumu mpaka sheria nyingine ya mwaka 1833, na huku kwetu pwani soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, wakati wimbo wake ulikuwa umetimiza miaka 100 kamili.

Maneno ya kuwekwa ukutani kanisani baada ya kufa kwake aliyatunga mwenyewe, wala hakujisifu. Alijiita kasisi ambaye hapo kwanza alikuwa kafiri na mwasherati, na mtumishi wa watumwa huko Afrika, kisha Mungu akamhurumia. Siku za Plantain amezitaja hapo. Zile safari tatu za unahodha hakuzitaja. Yeye na Mary walizikwa chini ya kanisa lake London, na mwaka 1893 mabaki yao yakahamishwa, wakazikwa tena Olney, katika uwanja wa kanisa ambako ule wimbo uliimbwa mara ya kwanza.